Kiko Mdomoni

Siku tulipomzika Mzee Safari kule Rhotia, kuna neno moja dogo ambalo baadhi yetu tulilikwepa tangu asubuhi. Sikugundua kwamba nami nalikwepa mpaka kijana mmoja wa kwaya aliponiuliza kiti cha mchungaji kimewekwa wapi, nikamjibu "kipo pale mbele," ilhali ulimi ulikuwa tayari kusema "kiko." Baada ya hapo nikaanza kutega sikio, kama nilivyozoea kutega sikio kwa mambo ambayo wengine hawayasikii na ambayo pengine hayapo. Mwalimu Tluway, mtu anayeweza kumsahihisha hata askofu katikati ya mahubiri, alikitafuta kitabu chake cha nyimbo kwa kuuliza watu, "Kitabu changu mmekiona?" Mzee Saitoti, aliyeteremka kutoka Ngorongoro alfajiri, shuka lake bado lina unyevu wa ukungu, hakusema kitu kabisa. Waombolezaji wengine hawakuwa na habari. Kwao kiko ni kiko cha kuvutia tumbaku, na kitu chochote kikiwa mahali fulani, basi kiko mahali hapo. Lakini sisi watatu tulikuwa tumekaa na marehemu katika chumba kimoja mwaka mzima, Jumapili baada ya Jumapili, tukiulizana swali lilelile na kujibiwa jibu lilelile, tukicheka kila mara, na jibu hilo ndilo lililokuwa limebeba kifo chake. Alikufa kwa saratani iliyoanzia ulimini, upande wa kushoto. Nayasema haya mapema kwa sababu sipendi masimulizi yanayomficha mgonjwa mpaka ukurasa wa mwisho. Nimeshaishi ndani ya simulizi ya namna hiyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya takwimu, sina kazi. Mama Paskalina, mke wa Mzee Safari, alikuwa na nyumba ya wageni Karatu mjini, karibu na barabara inayopanda kwenda lango la Ngorongoro, akanichukua nikae mapokezi kwa chakula, chumba na ujira mdogo mpaka nitakapopata cha maana. Chumba changu kilikuwa nyuma ya stoo ya magodoro. Asubuhi niliamshwa na magari ya watalii yakijikokota kwenye mlima, na mwezi wa saba baridi ilipita chini ya mlango kama mtu aliyealikwa. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Bado ni mtu wa kuwaza, ila siku hizi najua kuwaza huku nimefunga mdomo. Wakati ule nilisema. Gari likichelewa kupanda kutoka kreta, nilisema limepinduka. Mama Paskalina alipokunywa maji mfululizo siku ya jua kali, nilimwambia akapime sukari, akaenda, akatobolewa kidole, akarudi mzima na mwenye hasira. Nilikuwa nimejifunza kukadiria uwezekano wa jambo kutokea, na elimu hiyo badala ya kunituliza ilinipa namna ya kuogopa kwa ufasaha. Nikapewa jina. "Takwimu," Mzee Safari aliniita kutoka barazani kila nilipopita na ndoo, "leo tunakufa kwa kitu gani?" Nilimtajia. Akacheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu, huku naendelea kuogopa.

Chumba cha nyuma, ambacho wageni hawakuonyeshwa, kilikuwa cha mbao, chenye dirisha moja linalotazama magharibi na meza iliyokuwa zamani mlango. Ukutani, juu ya misumari iliyofungwa vitambaa ili isikwaruze, vilining'inia viko. Chumba kilinuka tumbaku, nta ya nyuki na supu ya mbuzi ya jana. Jumapili, ibada ikishakwisha, walikuja watu wawili, na mwenyeji wa tatu. Mzee Safari alikuwa dereva mstaafu wa watalii, mpole, mnene wa mabega, mwenye tabia ya kutazama kando hata akiwa amekaa kwenye kiti, kama anayetafuta kioo cha pembeni. Kiko chake cha kwanza kiliachwa na mgeni kwenye kiti cha nyuma. Alikitunza akisubiri mwenyewe akirudie, na mwenyewe hakurudi. Mwalimu Tluway alitoka Endamarariek kwa bodaboda, suti imefunikwa vumbi jekundu hadi magotini. Baba yake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, na mzungu alipoondoka aliacha sufuria, kengele na viko, na katika hivyo vyote baba yake alichagua viko. Mgeni wa pili, Mzee Saitoti, mfugaji, hakuwa mvutaji hata kidogo. Alitumia ugoro. Alikuja kwa sababu ya jicho. Alivishika viko vile kama anavyoshika fimbo anayotaka kuinunua, akivipima kwa kidole kimoja, akivikataa kwa kunyamaza. Kazi yangu ilikuwa kuleta chai, makande na maziwa mgando, na kuwapigia picha viko vyao ili niwatumie wapenzi wengine wa viko wa nchi za mbali ambao Mzee Safari alikuwa amewapata kwenye simu na ambao hakuweza kuwaandikia kwa Kiingereza cha kutosha. Kazi ilikuwa ndogo. Lakini kwa kuingia na kutoka, na kwa ukuta wa mbao unaopitisha kila neno mpaka mapokezi, nilijifunza.

Nilijifunza kwamba mtu asiyejua hukisifu kiko kirefu bila kuuliza urefu wenyewe umetoka wapi. Kuna bakuli, pale tumbaku inapowaka. Kuna mdomo, kile kipande cheusi kinachoumwa kwa meno. Na kati yake kuna shingo, mti unaotoka kwenye bakuli, wa kipande kilekile cha mbao. Kiko chenye mdomo mrefu na shingo fupi Mwalimu alikiita urefu wa kuazima, akakirudisha mezani kwa vidole viwili. Urefu wa kweli ni wa shingo. Fundi lazima apate mbao isiyo na fundo, nyuzi zake zimelala upande mmoja, kisha atoboe tundu jembamba kutoka mwisho wa shingo hadi kwenye sakafu ya bakuli bila kwenda kombo. Akienda kombo kwa unene wa unyasi, kazi yote inakuwa kuni. Na kiko kikishakamilika, dunia nzima inangoja kukivunja. Mtu hukikalia. Mtu hugonga jivu kwa hasira. Kwa hiyo ukiona kiko cha zamani chenye shingo ndefu ambayo bado ni nzima, ujue kimepita katika mikono ya watu wapole mfululizo, hakuna hata mmoja aliyekuwa na haraka. Nadhani hilo ndilo lililowapendeza wazee wale, zaidi ya umbo. Saitoti alisema ni kama kumwona mzee mwenye meno yote. Alipenda pia ule mstari wenyewe, mrefu, usio na pambo, na akasema viko vifupi vinamkumbusha ndama aliyenyimwa maziwa.

Walikuwa na namna yao ya kukagua. Walichomoa mdomo, wakakigeuzia kiko dirishani kwenye jua la jioni, wakafumba jicho moja na kuchungulia ndani ya shingo mpaka waone mwanga upande wa pili. Kama kulikuwa na pete ya fedha shingoni, Saitoti aliinuka kwenye kiti. "Pete hii inaficha nini?" Alilowesha kidole mate, akapitisha polepole, na mara nyingi chini ya pete kulikuwa na ufa mwembamba ambao mimi, mwenye macho ya miaka ishirini na kitu, nisingeuona hata kwa kurunzi. Kwenye shingo, walisema, pete ni bandeji. Siku hizi nakumbuka jinsi walivyoinamia nyufa zile, vichwa vitatu vyeupe juu ya kipande kimoja cha mti. Kila ufa mwingine waliuona.

Na lile swali. Lilianza kabla sijafika. Inasemekana Mzee Safari aliigeuza nyumba nzima juu chini akitafuta kiko chake, akamshuku mpishi, akamshuku mbwa, mpaka Mama Paskalina akamwambia ajitazame kwenye kioo: kilikuwa kati ya meno yake. Tangu siku hiyo anayeingia chumba cha nyuma aliuliza, "Kiko wapi?" na Mzee Safari alijibu, "Kiko mdomoni." Ndiyo iliyokuwa shikamoo yao. Saitoti alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe na aliuliza, "Kiko iko wapi?" Hapo Mwalimu alifumba macho kama mtu aliyepigwa. "Ngeli, Saitoti, ngeli. Kiko kiko. Si kiko iko." Naye Saitoti, ambaye nina hakika alijua vizuri kabisa, alisema, "Mimi ya kwangu iko. Ya kwako ndiyo kiko." Nilicheka kila mara. Chumba kile kilikuwa mahali pekee Karatu ambapo nilisahau kuogopa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Wakati wa palizi Mzee Safari alianza kugawa viko vyake vifupi. Mwalimu alipata kimoja, mgeni mmoja kutoka Arusha akapata kingine, na kile cha kwanza kabisa, cha kiti cha nyuma, alikifunga kwenye gazeti akakiweka chini ya kitanda. Akawa anataka vya shingo ndefu tu, na kila alichokipata kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia. Wenzake walifurahi. Mwalimu alisema jicho la Safari limekomaa, kwamba kila mpenda viko huanza na vifupi vinene kisha akili ikitulia husogea kwenye shingo ndefu, na yeye mwenyewe akaanza kuvitafuta. Saitoti alisema, "Sasa mmeanza kuona." Nilituma picha ng'ambo, na mzee mmoja wa huko aliandika kwamba kwa mkusanyo kama huu anaona rafiki yetu amefika. Nilimtafsiria Mzee Safari neno kwa neno. Alinisikiliza ameweka kiganja shavuni, akitabasamu kwa upande mmoja, akaniomba nirudie.

Alikuwa na maelezo yake, na aliyatoa vizuri, kama alivyokuwa akiwaeleza watalii habari za tembo. "Moshi ni msafiri," alisema. "Mtu akitoka Arusha kwa miguu hafiki Karatu na ugomvi. Moshi ukitembea shingo ndefu unafika umechoka, hauna nguvu ya kumuuma mtu." Wote walitikisa kichwa. Ni kweli kwamba shingo ndefu huupoza moshi, wapenda viko wote duniani husema hivyo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini moshi umuume, mtu aliyevuta maisha yake yote bila kulalamika.

Mimi nilikuwa na vipande vyangu, na niliviunganisha kwa sababu siwezi kuacha vipande peke yake. Makande alianza kuyapitisha kwenye chujio, akisema meno yamezeeka. Pilipili aliiacha. Chai aliiacha barazani mpaka itande ngozi juu. Na Jumatatu, siku ya kusafisha viko kwa spiriti na bua la nyasi, niliona alama za meno. Kwenye viko vyake vyote vya zamani mdomo ulikuwa umeliwa upande mmoja, upande wa kushoto wa mvutaji. Kwenye vipya ulikuwa umeliwa upande wa pili. Mtu aliyeuma kiko kushoto maisha yake yote alikuwa amehamia kulia, na alikuwa amehamia katika majira yaleyale aliyoanza kutaka shingo ndefu. Nilimwambia Mama Paskalina tukichambua maharage ya Mbulumbulu kwenye ungo. Hakuinua macho. "Wewe," alisema, "si ndiye uliyenipa kisukari?" Akatupa jiwe dogo uani. "Baba yenu anapenda vitu virefu, basi. Wengine wanapenda wanawake." Nilimwambia Mwalimu pia, akanijibu kwamba shingo ndefu ina uzito wa mbele na hulazimisha mtu kubadili upande, jambo ambalo ni kweli kidogo, na ukweli kidogo ni kitu kibaya sana kumpa mtu mwoga. Nikaanza kujijibu mwenyewe. Uwezekano ni mdogo. Wewe huona ugonjwa hata kwenye chai. Nilikuwa nimetumia imani yao yote kwa magari yaliyorudi salama na sukari isiyokuwepo, na sasa hata mimi sikujiamini.

Mwishowe nilimwuliza mwenyewe. Alikuwa barazani, chai yake inapoa, lori la ng'ombe linapita kwenda mnadani.

"Mzee, umehamisha kiko upande."

"Hata punda huhamishiwa mzigo, mwanangu."

"Kuna kitu kinakuuma?"

Alilitazama lori mpaka likapotea nyuma ya kituo cha mafuta. Kisha akasema, "Kiko mdomoni," akacheka, nami nikacheka, kwa sababu huo ulikuwa mzaha wetu na nilikuwa nimefarijika kuusikia. Nilipoinama kuchukua vyombo sikufikiri kwamba safari hii hakuna aliyeuliza kiko kiko wapi. Jibu lilikuja bila swali lake. Au lilikuwa na swali jingine, lile nililokuwa nimeuliza mimi. Kidonda ni cha ngeli ileile. Kivimbe vilevile. Kifo pia. Lugha yetu ilikuwa imempa mzee yule mahali pa kusimama wazi mbele yetu bila kuonekana, na hadi leo sijui kama alipachagua au alijikuta hapo.

Mvua za vuli zilipoanza, Saitoti alikuja kutoka mnadani na kitu kilichofungwa kwenye kipande cha shuka. Mzee Safari alikuwa amemwomba kirefu zaidi, na vya zamani havikupatikana, basi Saitoti alimtafuta fundi huko kwao juu na kumtengenezesha kwa oloirien, mzeituni wa porini. Tundu lilichomwa kwa spoku ya pikipiki iliyopashwa moto mpaka ikawa nyekundu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka matundu yakakutana katikati. Shingo yake ilikuwa ndefu kama mkono wa mtu kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole, rangi ya asali iliyoungua, haina pete. Mwalimu alichomoa mdomo, akakigeuzia dirishani. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Alichungulia, akampa Safari achungulie, akanipa hata mimi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mbali sana, mwisho wa giza lenye harufu ya moshi, kulikuwa na nukta ya mwanga, mviringo kabisa. Bado sijaona kitu kilichotengenezwa kwa mikono kikiwa kizuri hivyo, na inaniuma kwamba ni kizuri.

Mzee Safari akajaza tumbaku, akawasha, akavuta mara moja. Nilikuwa nimesimama na birika. Niliona macho yake yakifumba na mkono wa kushoto ukishika ukingo wa meza. Alikitoa kiko kinywani, na juu ya mdomo mweusi wa kiko kulikuwa na uzi wa mate wenye damu. Mwalimu alikuwa ameinama akitafuta njiti ya kiberiti iliyoanguka sakafuni, hakuona. Aliinuka na furaha yake yote usoni. "Haya, bwana. Kiko wapi?"

"Kiko mdomoni."

Mwalimu akacheka. Alicheka peke yake.

"Hapana, Tluway," Mzee Safari akasema taratibu, kama anayemweleza mtu barabara. "Kiko mdomoni." Akageuza uso dirishani, kwenye jua, akafungua kinywa, akainua ulimi.

Kilikuwa na kingo nyeupe, ngumu, kama ukoko wa ugali, na katikati kilikuwa chekundu na kilikuwa na kina. Harufu ilitufikia. Wazee wale wawili waliinama kutazama, kama walivyozoea kuinama, na kwa muda mfupi wa kutisha nilifikiri Saitoti angelowesha kidole. Alisema neno moja la Kimaasai. Kisha akauliza ni tangu lini. Mzee Safari akasema tangu mahindi ya kupalilia. Mwalimu alikuwa amekaa chini, njiti ya kiberiti bado mkononi.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nimewaambia kila Jumapili," Mzee Safari akasema, na nadhani alitaka ionekane anatania.

Yaliyofuata si marefu. Hospitali ya kwanza ilimtuma ya pili, ya pili ikamtuma mjini, na mjini daktari alisema maneno ambayo madaktari husema, kwamba angekuja mapema. Walikata sehemu kubwa ya ulimi na tezi za shingoni. Alirudi Karatu karibu na Krismasi na kovu refu kutoka sikioni hadi chini ya kidevu, na neno shingo likawa neno jingine tusilolitumia. Aliongea kama maji yanayopita juu ya mawe. Mama Paskalina alimwelewa, wengine tulibahatisha. Mama Paskalina alinikuta nikifua mashuka, akasema, "Takwimu, mara hii ulisema kweli." Hakuwa na lawama wala sifa. Ningependelea anipige. Wazee waliendelea kuja. Waliketi, wakanywa chai, wakavitazama viko ukutani, na Mwalimu alipoingia mlangoni alisimama kidogo pale lile swali lilipokuwa likikaa, kisha akavuka kama mtu anayeruka mfereji. Mimi nilipata kazi Arusha mwanzoni mwa mwaka mpya. Mzee Safari aliishi miaka kadhaa zaidi, kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii haukuwa na pa kukatwa.

Nimewaza sana, kwa sababu sijui kufanya kingine, kuhusu Kiswahili cha Saitoti. Kama sote tungekosea kama alivyokosea yeye, kiko kingekuwa iko. Mzee Safari angejibu "iko mdomoni" na ingekuwa tumbaku. Na siku ambayo angesema "kiko mdomoni," hata mbwa angeinua kichwa. Tulikuwa na mtu mmoja chumbani aliyetenganisha viwili hivyo, na kila Jumapili tulimsahihisha. Nawaza pia kuhusu zile shingo ndefu. Tuliona ladha inakomaa. Kumbe alikuwa mtu anayeusogeza moto mbali na kidonda, kidole kwa kidole, na sisi nyuma yake tukijifunza kupenda kile ambacho kwake kilikuwa maumivu. Wale wa ng'ambo bado huandika. Wanasema mkusanyo wa Karatu ndio uliowafundisha kupenda urefu.

Basi pale Rhotia, tulipokwisha kutupa udongo na watu wakakaa chini ya turubai kusubiri wali, nilikaa karibu na Mwalimu Tluway. Amekonda. Kiko chake kilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na kwa sababu ni cha shingo ndefu hakikuingia chote. Kilichungulia kwenye kola kama mtoto aliyefichwa. Aliona ninavyokitazama. "Usianze, Takwimu," alisema. "Changu ni kirefu kuliko hata cha marehemu kile kirefu cha mwanzo. Moshi unanifikia umechoka." Alisema kwa upole, kwa imani kabisa, kama anayenukuu Maandiko. Nikamwamkia tena, bila sababu. Mama mmoja akatupa chai. Nilikunywa yangu. Yake aliishika kwa mikono miwili, akaipuliza, akaiweka kwenye nyasi, akaichukua, akaipuliza tena. Watu walipewa kikombe cha pili. Chai ya Mwalimu ilikuwa imetanda ngozi juu.

Uwezekano ni mdogo, nilijiambia. Mzee yeyote hupoza chai. Wewe huona ugonjwa.

Ndipo mwanamke mmoja upande wa jikoni, mikono imejaa vitunguu, akapaza sauti kuwauliza wenzake, "Kisu kiko wapi?"

Saitoti, upande wa pili wa turubai, aliinua kichwa. Nami niliinua. Mwalimu hakuinua kichwa. Mkono wake ulipanda wenyewe, ukatua shavuni.

Nilisimama nikamzunguka mpaka nikawa mbele yake. Nilikuwa tayari kuchekwa na kijiji kizima.

"Mwalimu, fungua mdomo nione."

Alinitazama, jicho moja limefumba kidogo, kama alivyokuwa akivitazama viko.

"Huachi, wewe?"

"Siachi, Mwalimu."

Akaiweka chai kwenye nyasi. Akavua kofia, kama anayeingia kanisani. Kisha akageuza uso upande wa jua, ili nione vizuri, akafungua.